Laptopu inazima ghafla nikichomeka chaja, nikichomoa inapiga kazi vizuri tu

Mzee wa Kaunta

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana nimeshachoka na hela inazidi kutoka. Nina Dell Latitude E5470, hizi zilizotumika nje, niliinunua Kariakoo mwaka juzi. Prosesa ni i5-6440HQ, rami 8, SSD 256. Mchana naitumia kwenye steshenari yangu huku Mbagala, kuchapa barua, sivii za watu, fomu za mikopo ya chuo, picha za pasipoti, usiku naenda nayo nyumbani nacheki muvi au namalizia kazi za watu.

Tatizo ni hivi, nikiichomeka kwenye umeme inakaa dakika kumi, siku nyingine hata nusu saa, halafu pap, giza. Haileti meseji, haisemi inazima, ni kama mtu kakata waya. Nikiacha kidogo nikawasha inawaka kama hakuna kilichotokea. Ila nikitumia betri tupu inaenda mpaka chaji inaisha, haijawahi kuzima hata siku moja. Juzi dada mmoja tumejaza fomu ya mkopo tuko ukurasa wa mwisho kabisa ikazima, akaniangalia kama nimemla hela yake.

Nimeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza kapiga Windows upya, elfu 20, ikazima siku hiyohiyo. Wa pili kasema ni chaja, nikanunua nyingine elfu 35, hiyo nayo vituko, ukiichomeka laptopu inakuwa nzito kama kobe, Word inafunguka dakika nzima na betri haipandi hata asilimia moja, ingawa kweli siku ile haikuzima. Nikaona hii takataka nikarudisha chaja ya zamani, mchezo ukaanza tena. Wa tatu kaishika kama dakika mbili akasema bodi inavujisha umeme, kubadilisha ni laki na themanini. Hapo ndo nikasema ngoja kwanza niulize. Ni bodi kweli hii?


kichwa_ngumu

Pole sana mkuu. Toa betri kabisa tumia umeme mkavu, ya kwangu ilikuwa hivyohivyo nikatoa betri ikapona mpaka leo.


Mwl. Chaki

Mkuu kabla hujatoa chochote, bonyeza kitufe cha Windows andika Event Viewer, ingia Windows Logs halafu System, tafuta mistari myekundu ya muda ule iliozima. Ukikuta Kernel-Power namba 41 basi ujue ni tatizo la umeme, jina lenyewe linasema. Hapo ni chaja au bodi, hakuna cha tatu.


fundi_bisibisi

Mwalimu shikamoo, ila hapo kwenye 41 naomba nikukatalie kwa heshima zote. Hiyo 41 Windows anaiandika akishawaka tena, anachosema ni kwamba mara ya mwisho sikuzimwa kwa utaratibu. Basi. Ni kama mtu kazinduka hospitali anakwambia nilianguka, kilichomwangusha hakijui. Ukichomoa betri na waya makusudi utaikuta 41, ikizima kwa joto utaikuta 41, bodi ikipiga shoti utaikuta 41. Nimeona wateja wengi wameuziwa chaja kwa sababu ya hiyo namba.

Na kichwa_ngumu, E5470 betri iko ndani, mpaka ufungue mfuniko wa chini, si zile za kubonyeza kidude ikachomoka. Halafu mtu ana steshenari unamwambia akae bila betri, umeme ukikatika si ndo anazima kila fomu?

Sasa mzee wa kaunta, mimi nina benchi Mwanza, hizi Latitude zimenipitia mkononi nyingi tu. Maneno yako mawili yamenifanya niache chai. La kwanza umesema inakaa dakika kumi mpaka nusu saa ndo inazima. Bodi yenye shoti au tundu la chaja lililokufa mara nyingi haikupi nusu saa, unachomeka tu inazima palepale, au ukigusa waya, na chaja za Dell zinajikata zenyewe, ukichomeka kwenye laptopu yenye shoti taa inazima kwa sababu chaja inajilinda. Taa ya chaja yako inabaki inawaka?

La pili ni hiyo chaja ya elfu 35. Umeiita takataka na kweli ni takataka, ila imekupa jibu bure. Chaja ya Dell ina sindano nyembamba katikati ya tundu, hiyo haibebi umeme wa kuendesha, kazi yake ni kuiambia laptopu mimi ni chaja ya Dell ya wati kadhaa. Chaja feki au yenye sindano iliyokufa haijitambulishi, kwa hiyo laptopu inafanya mambo mawili, inakataa kuchaji betri na inaishusha prosesa iende taratibu kabisa. Ndo ukobe uliouona. Sasa jiulize, kwenye ukobe haikuzima siku nzima. Na kwenye betri, ambako prosesa inabanwa kiasi, haizimi. Inazima pale tu inaporuhusiwa kukimbia. Prosesa yako kawaida inatembea 2.6 GHz na ikipata umeme wa uhakika inajirusha mpaka 3.5. Ikijirusha inachemka. Hizi HQ ni za wati 45, si sawa na zile zenye U mwishoni za wati 15, na wameziweka kwenye bodi nyembamba hivyohivyo.

Mi nahisi joto. Ila sitaki na mimi niwe fundi wa nne wa kuhisi, kwa hiyo fanya hivi, haina gharama. Zima, washa ukiwa unagonga F2 wakati nembo ya Dell inatokea. Utaingia BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya laptopu yenyewe kabla Windows haijawaka. Upande wa kushoto, kwenye General kuna Battery Information, angalia imeandika chaja ya wati ngapi, jaribu kwa chaja zote mbili. Halafu shuka chini kabisa kwenye System Logs, fungua Thermal Events. Hiyo ni daftari ya laptopu yenyewe, haihusiani na Windows, hata ukipiga Windows mara kumi haifutiki. Kama ilizimwa na joto itakuwa imeandika tarehe na saa. Pembeni kuna Power Events pia, soma zote mbili. Usibadilishe kitu, soma tu utoke.


kichwa_ngumu

Haya nimekubali, yangu ilikuwa HP ya mwaka 2012, betri ilishavimba. Sikujua kama hizi mpya ziko tofauti.


Binti Mvita

Assalaam aleikum jamani. Mimi niko Mombasa, nataka kuongeza hapo kwa fundi, maana yangu mimi ilikuwa ni tundu la chaja kwelikweli na dalili zake hazifanani na hizi. Ilikuwa ukiusogeza waya kidogo tu inazima, ukiinua laptopu inazima, wakati mwengine nasikia tsii na harufu kama ya plastiki. Nilikaa nayo hivyo miezi nikiipanga na vitabu waya usicheze, ujinga mtupu, ingeweza kuwaka moto ile. Kuifungua ndani kwenye tundu pini imelegea na imeshika kutu, huku kwetu upepo wa bahari na chumvi chuma hakidumu. Kilibadilishwa kile kijiwaya chenye tundu tu, bodi haikuguswa, na fundi wa mwanzo alikuwa ashaniambia bodi pia. Kwa hivyo ndugu yangu mtingishe waya taratibu ikiwa imewaka, ikiwa haizimi basi tundu liko salama.

Na mimi nina suali ambalo sijaona mtu ameuliza. Hiyo betri unayosema haizimi, wakati huo huwa uko wapi? Maana umesema mchana uko dukani na usiku uko nyumbani.


Mzee wa Kaunta

Wakuu nimerudi. Nimefanya vyote, niandike kwa mpangilio nisichanganye.

Waya nimetingisha mpaka jirani akaniuliza nafanya nini, haizimi. Taa ya chaja inawaka muda wote.

BIOS nimeingia. Chaja ya zamani imeandika 65W. Ile ya elfu 35 imeandika haijulikani, kwa hiyo nimepigwa, sawa.

Sasa kwenye Thermal Events nimeshtuka, kuna orodha ndefu, tarehe na saa, na zote ni kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni. Hakuna hata moja ya usiku. Ile ya fomu ya mkopo ipo, nimeikuta na saa yake. Power Events hamna cha maana nilichokielewa.

Na suali la Binti Mvita limenikalisha chini kabisa. Dada yangu kumbe betri naitumia nyumbani tu, usiku, nimekaa kibarazani laptopu iko mapajani au kwenye stuli, kuna upepo. Dukani sijawahi kutumia betri zaidi ya dakika tano kwa sababu soketi iko pale kaunta, nikifika nachomeka. Kwa hiyo mimi miezi yote nalaumu chaja kumbe nilikuwa nalinganisha duka na kibaraza.


Mwl. Chaki

Nimejifunza kitu kwenye hiyo 41, sirudii tena. Sasa mzee fanya kinyume chake: leo dukani tumia betri tupu, usiku nyumbani tumia chaja. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja huwezi kujua kipi kimefanya kazi, hii hata form one tunawafundisha kwenye fizikia.


fundi_bisibisi

Mwalimu hapo umepiga penyewe. Na Binti Mvita njoo Mwanza tufungue benchi pamoja.

Mzee fanya alichosema mwalimu, ila ongeza na hili: kwenye BIOS hiyohiyo kuna sehemu inaitwa Performance, ndani yake Intel TurboBoost, toa tiki, seivu. Hapo prosesa haitapita 2.6 hata ukichomeka. Kaa nayo dukani siku nzima kwenye umeme. Isipozima, basi habari ya bodi imekwisha, usimpe mtu laki na themanini. Ukitaka kuona joto lenyewe weka programu ya HWiNFO au Core Temp. Hiyo prosesa mwisho wake ni nyuzi 100, ikikaribia hapo inajipunguza mwendo yenyewe, ikishindwa kabisa kushusha joto inakata umeme bila kuaga, hata Windows hapati muda wa kuandika kitu.

Na nitajie meza ya dukani ikoje.


Mzee wa Kaunta

Nimekaa siku mbili nikijaribu ndo maana kimya.

Dukani kwa betri: haikuzima ila nilipofika kama dakika arobaini feni ilikuwa inalia kama bodaboda inapanda mlima na ikaanza kukwamakwama. Core Temp ilikuwa inacheza 88 mpaka 93.

Nyumbani kwa chaja: nimeangalia muvi masaa mawili, freshi kabisa, nikasema nimepona. Nikafungua ile kazi ya video ya kipaimara cha mtoto wa jirani, nikaanza kuitoa, haikufika robo, pap. Kwa hiyo si duka peke yake na si chaja peke yake.

Dukani kwa chaja, turbo imezimwa: siku nzima, kuanzia saa mbili mpaka nafunga saa moja usiku. HAIJAZIMA. Nimeprinti, nimeskani, nimefanya kila kitu. Joto 80 na kitu. Sijaamini.

Meza ya dukani ni kaunta ya mbao, juu mabati hamna dari, na hapa ndo nicheke mwenyewe, kuna kitambaa. Dada yangu alinifumia kile cha uzi cheupe cha kufunika meza nilipofungua duka, kizuri sana, na laptopu nimekuwa nikiiweka juu yake tangu siku ya kwanza. Nimeigeuza leo nimekuta matundu ya chini yamejaa nyuzinyuzi nyeupe.


kichwa_ngumu

Yaani dada kafuma kitambaa kikakufumia na laptopu 😂😂


fundi_bisibisi

Hahaha. Sasa tumemshika. Matundu ya chini ndo pua ya laptopu, feni inavuta hewa hapo inaitemea pembeni. Umeiziba kwa kitambaa, juu bati la Mbagala saa saba mchana, ukachomeka chaja prosesa ikajirusha, na betri nayo ikichaji inatoa joto lake humohumo ndani. Hapo lazima izime.

Ila kuondoa kitambaa peke yake hakutoshi, maana nyumbani kwenye stuli bila kitambaa ilizima ukitoa video. Ndani kumeshajaa. Steshenari ndo adui mkubwa, karatasi zinatoa vumbi laini sana, printa ya tona nayo hivyohivyo, linaenda kukaa kati ya feni na ile radieta yake, linaganda kama godoro. Ukipuliza kwa nje unalisukuma ndani zaidi, na usije ukathubutu kupeleka kwa wale wa kujaza upepo matairi ile kompresa ina maji ndani na inaizungusha feni mpaka inakatika.

Kama mkono wako mwepesi fungua mwenyewe, E5470 ni rahisi, mfuniko wa chini wote unatoka kwa bisibisi ya nyota. Zima kabisa, chomoa chaja, ukishatoa mfuniko kitu cha kwanza chomoa soketi ya betri kwenye bodi, CHA KWANZA, kabla hujagusa kingine chochote. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Halafu toa feni na ile bomba ya shaba, legeza skrubu zake kwa kupishana, zina namba pembeni yake. Toa hilo godoro kwa brashi, feni ishike kwa kidole isizunguke. Pesti ya zamani juu ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye bomba ya shaba, utaikuta imekauka kama ugali wa jana, ifute kwa pamba na spiriti, isopropili ndo nzuri zaidi, acha ikauke. Pesti mpya weka kidogo, ukubwa wa choroko moja, usipake kama siagi kwenye mkate. Na tafadhali pesti ya joto, si dawa ya meno. Nimeshafungua mashine imepakwa dawa ya meno, ilikuwa inanukia mnanaa nikadhani nimekosea mlango.

Kama mkono mzito mpelekee fundi ila kaa pale uangalie, na mwambie unataka kusafisha na kubadilisha pesti, usimwambie inazima. Ukisema inazima utarudi kwenye bodi.


Binti Mvita

Hilo la mwisho fundi umesema kweli tupu 😄 Mimi siku hizi naenda na jibu mkononi, siendi na suali. Na hiyo chaja ya elfu 35 irudishe kama risiti unayo, usiiache ndani ya nyumba mtoto akaichomeka kwenye kitu kingine.


Mzee wa Kaunta

Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa wiki nzima nilikuwa msibani Mkuranga.

Sikufungua mwenyewe, mkono unatetemeka nikiona skrubu ndogo. Nimeenda kwa fundi mwingine kabisa, nikamwambia nataka kusafisha na pesti mpya, nikavuta kiti nikakaa. Alipotoa feni akaniita nione, kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, cheupe na kijivu, ukikitoa kinatoka kizima na umbo la radieta. Pesti ilikuwa unga. Kazi yote elfu 15 na pesti yenyewe ndani yake.

Nimerudisha turbo kwenye BIOS. Chaja ni ileile ya zamani ya 65W. Dukani saa nane mchana ikichaji inacheza kwenye 60 na kitu, nikiipa kazi nzito inapanda mpaka 80 kidogo inashuka. Ile video ya kipaimara nimeitoa yote mpaka mwisho kwenye umeme, haijazima. Nimeiinua na vipande viwili vya mbao kwa nyuma ipate hewa. Nimeingia kwenye Thermal Events leo, hakuna jipya tangu siku ile.

Fundi wa laki na themanini nilipita kwake kumsalimia tu, sikumwambia kitu, kaniuliza ile laptopu umeshaitupa? Nikamwambia ipo inapumua.


Mwl. Chaki

Safi sana. Hiyo 65W ukipata nafasi siku moja chukua 90W halisi ya Dell, kwa HQ haina hasara, laptopu inachukua inachohitaji tu haibebeshwi zaidi. Au nimekosea tena fundi?


fundi_bisibisi

Hujakosea mwalimu, safari hii umepata vema. Voltiji ni ileile 19.5, wati ndo zinaongezeka. Ila si lazima, kama inaenda na 65 aiache. Cha muhimu kila baada ya miezi sita hivi mzee upitishe brashi humo ndani, kwa hilo duka lako usisubiri mwaka.


kichwa_ngumu

Swali moja tu la msingi mzee wa kaunta, kitambaa cha dada kiko wapi?


Mzee wa Kaunta

Kipo juu ya friji nyumbani. Kaja Jumapili kakiona, kaniuliza kwa nini nimekitoa dukani, nikamwambia wateja walikuwa wanakichafua.